Tundu Jikoni

Banda limeegemea nyumba, lina mita saba na nusu.
Mlingoti unataka tisa na robo.
Kaka yangu Endel hakuuliza mtu:
alikuja na msumeno Jumapili moja ya Januari,
akatoboa ukuta wa jiko langu
kati ya kabati la vikombe na picha ya mama,
na tangu siku ile tunakunywa supu ya njegere
huku ncha ya mlingoti ikituchungulia
kama mgeni asiyejua iwapo amekaribishwa.

Hapa Hiiumaa theluji haina haraka. Nasi vivyo hivyo.
Mbao ni za msonobari ulioangushwa na tufani
mwaka ule Endel alipostaafu kwenye feri.
Zimekauka darini miaka sita.
Anagonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, anasikiliza:
huu ndio. Huu ndio. Huu una fundo.
Huu kuni.

Vipande vinane vyembamba, virefu,
na ukingoni mwa kila kimoja mdomo wa ndege,
ili jirani amng'ate jirani
na duara lijifunge lenyewe, bila msumari.
Katikati hamna kitu.
"Mti wa ndani haufanyi kazi," anasema,
"unakula mshahara tu, kama yule mkuu wetu wa bandari."

Mimi nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne.
Nilipima tanga, nikapima upepo na kamba za ubavuni,
nikampa unene: sentimita kumi na moja.
Akashukuru. Akaanza kuranda.

Siku ya nne nikazinduka saa tisa usiku.
Nilikuwa nimepigia hesabu chombo cha mwili mmoja,
kile kinacholala upepo ukizidi,
kinachoinama na kuimwaga nusu ya dhoruba pembeni.
Katamarani hailali.
Imesimama majini kwa miguu miwili, imejitanua, imekaza,
na upepo ukikosa cha kulaza
hutafuta cha kuvunja.

Nikaenda bandani, koti juu ya nguo ya kulalia.
Taa ilikuwa inawaka. Maranda yalimfika magotini,
vipande vitano tayari, laini kama sabuni.
Nikamwambia.
Hakunitazama. Aliilaza randa ubavu, ili isile makali,
akapuliza vumbi kwenye kidole gumba.
"Kumi na nne basi," akasema.
Kisha, baada ya kitambo kirefu:
"Heri ivunjike hesabu."
Vile vitano vyembamba Maimu wa ng'ambo ya barabara
alivichukua avipandishie maharage.

Februari, gundi ikakataa kuganda.
Tukaufunika mlingoti mablanketi, tukauwekea taa chini,
tukaubana kwa jiliwa thelathini na moja,
na palipopungua jiliwa, kwa mipira ya baiskeli
tuliyoikata vipande na kuizungusha
hadi mikono ikanuka lastiki siku mbili.

Kabla ya kuilaza nusu ya juu juu ya nusu ya chini
Endel akanipa penseli.
"Andika humo ndani."
"Niandike nini, majina?"
"Ile kumi na moja yako."
Nikaandika yote, mstari kwa mstari,
kosa nikaliacha mahali pake,
na kwa mara ya kwanza maishani mwangu
sikulizungushia duara jekundu.
Tukafunga.

Mwezi Mei uliondoka jikoni polepole,
kama uzi unaochomoka tunduni mwa sindano.
Watu saba waliubeba, Maimu mbele akiwafokea.
Mama aliyumba kidogo pichani, akatulia.

Endel anasema ataliziba tundu. Namwambia kesho.
Nikiosha vikombe naona banda tupu,
mlango wazi, na kijisehemu cha bahari kisichozidi kiganja.
Upepo ukigeuka kutoka magharibi
tundu hupiga mluzi, sauti moja, nene.
Hapo huzima bomba, mikono ikidondosha maji,
na kusikiliza kama anavyosikiliza yeye:
huu ndio.
Huu ndio.