Saa za Mgao

Mashine ya kuchomelea inakata kauli katikati ya geti,
feni ya duka la jirani inazunguka kwa deni, inasimama,
na Chang'ombe nzima inasonya kwa pamoja.
Mimi sisonyi tena.
Navua miwani ya moto, nabadili buti kwa raba za Karume,
nazunguka nyuma, kwenye bohari lisilo na paa
ambalo sakafu yake imelainika kama ukucha.

Huko mimi ni mwanafunzi.
Mwalimu wangu Salmini, miaka kumi na mitatu,
ana mwanya, na hana huruma.
Tulipatana hivi: nimuungie bomba la inchi mbili,
urefu mita tatu, miguu minne, wapate kutelezea;
yeye anifundishe kupindua ubao.
Bomba nilimaliza kwa siku moja.
Huu mwezi wa tano, bado namdai.

Wanaiita chapati.
Ubao unaruka na wewe, unajigeuza chini ya nyayo zako,
tumbo, mgongo,
unarudi msasa juu, nawe unashuka juu yake
kama hakuna kilichotokea.
Ipo na chapati ya kisigino.
Hiyo sijaruhusiwa hata kuitazama.

"Fundi, usiupige teke, umekukosea nini?
Usugue pembeni kwa kidole gumba,
kama unafuta jina kwenye vumbi la kioo cha gari.
Halafu toka njiani."

Toka njiani!
Miaka arobaini na miwili nimefundishwa kushika:
shika koleo, shika adabu, shika ulichonacho.
Leo naambiwa niachie kitu kikiwa hewani,
kinazunguka,
na nisikitazame kwa wasiwasi.

Ubao wenyewe haujui mkataba wetu.
Unapinduka nusu na kulala magurudumu juu
kama mende aliyepuliziwa dawa.
Unapinduka moja na nusu. Unakimbilia ukutani.
Siku ya Sabasaba ulisimama kwa ubavu
nami nikaukalia; sitaki kusimulia.
Ugoko wangu wa kushoto umekuwa ramani,
na Mwanabaraka, akiukanda kwa maji ya chumvi,
anauliza ni geti gani hilo lenye meno.

Chuma nakijua.
Chuma hubadilika rangi kabla hakijakubali.
Mguu hubadilika rangi baada ya kukataa.

Watoto wamekaa juu ya bomba langu, hawalitelezi,
wanakula mihogo ya kukaanga, wananihesabia:
Ngwali, Siwema, na yule mdogo asiyetaja jina.
"Sabini na nane! Sabini na tisa, ilikuwa karibu!"
Haikuwa karibu.

Jana, saa kumi kasorobo, wala sikuwa makini.
Nilikuwa namuwaza mteja wa Yombo
na elfu arobaini yake isiyofika,
nikasikia mkia wa ubao ukigonga sakafu, pa,
na kidole gumba kikalifuta lile jina.
Nikatoka njiani.
Nikaliona tumbo la ubao likipita:
stika ya nanasi iliyobanduka, ekseli, kutu kidogo,
kisha weusi wa msasa, kimya,
ukinisubiri.
Nikashuka. Mguu mmoja.
Na wa pili.
Magurudumu yakasogea shubiri moja, shubiri mbili,
nami nikiwa bado juu.

Papo hapo mtaa ukalipuka,
saluni, kinyozi, banda la video, madirisha yote:
"Umerudiii!"
Friji zikakohoa. Ng'ambo ya ukuta
mashine yangu ikaanza kunguruma; nilisahau kuizima.
Na watoto juu ya bomba, mihogo mikononi,
wananitazama mimi, wanapiga kelele ileile:
"Umerudi!"

Sikuuliza ni umeme, ni ubao,
au ni mimi.

Salmini peke yake hakupaza sauti.
Aliusukuma ubao kwa ncha ya kiatu, ukanijia.
"Hiyo ya bahati," akasema. "Rudia."
Geti la Yombo likangoja.