Namba Kumi na Saba

Umeme wa Kadutu hauna ratiba.
Mimi ninayo.
Imo katika daftari la jalada la bluu,
mistari imepigwa kwa rula ya mwanangu Cishugi:
saa mbili, ukurasa wa arobaini;
saa nne, ukurasa wa arobaini na tatu;
saa sita, ugali.
Ni ugali tu uliowahi kufika kwa wakati.

Jumatatu nilipanga.
Jumanne nikapanga upya, kwa wino mwekundu.
Jumatano nikapakua programu ya kupangia,
ikaniomba nichague rangi ya malengo yangu,
nikachagua, nikabadili, nikachagua,
hadi kengele ya misa ya jioni ikanikuta
sijatafsiri hata neno moja
la kitabu cha wakunga
kinachongojwa Walungu mwisho wa mwezi.

Si uvivu. Mvivu hulala, akaamka amepumzika.
Mimi nilichoka kama mbeba mchanga,
kumbe nilibeba kidole gumba tu,
juu, chini, juu, chini:
harusi ya Uvira, bei ya dola,
mtu nisiyemjua akigombana na mtu nisiyemjua,
na kikundi cha ukoo, ambako shangazi Ntakwinja
hutuma "amka na baraka" mara nne kwa asubuhi moja.

Alhamisi nikashuka kwa Zihindula.
Kibanda chake cha kuchajia kina nyaya kama utumbo wa mbuzi,
sola mbili juu ya bati, jiwe juu ya sola,
na kila simu hubandikwa karatasi ya namba.
Akaibonyeza yangu, akacheka.
"Mama, hii imejaa. Tisini na sita."
"Najua. Chaji."
"Nichaji nini?"
"Nichaji mimi," nikasema, nikampa mia tano.
Akaandika kumi na saba, hakuuliza tena.

Nikapanda mlima, mkono ukipapasa mfuko mtupu
kama ulimi unavyolitafuta jino lililong'olewa.

Kisha meza.
Katika daftari nikaandika mstari mmoja:
leo, kondo la nyuma.
Kifaransa kina neno lake, nami ninalo langu,
lakini binti aliye peke yake na mgonjwa, usiku, kwa tochi,
ataelewa kipi kingojwe, kipi kisivutwe?
Simu ingenijibu kwa sekunde, nami ningeiamini.
Nikakaa na sentensi ile mpaka ikanizoea.
Nikaisoma kwa sauti:
"Usilivute kondo. Ngoja litoke lenyewe."
Jirani akaita kutoka upande wa pili wa ukuta,
"Nani anajifungua huko?"
Hapo nikajua imekaa sawa.

Kurasa tatu kabla ya mvua. Mpango ulisema sita.

Jioni namba kumi na saba ikarudi mkononi,
mia kwa mia, na jumbe arobaini na tatu.
Arobaini na mbili zingengoja hadi kiyama.
Moja ilikuwa ya kaka yangu Mugisho:
"Niko bandarini, nina sambaza. Uko wapi?
Mbona kimya? Boti ya Idjwi inaondoka.
Nimemwachia jirani."

Jirani alikuwa ameshakaanga nusu.
Tukala pamoja, nikilamba chumvi na aibu.

Usiku umeme ukaja bila kualikwa.
Nikafungua daftari, nikapiga mistari ya kesho:
asubuhi, kurasa tatu;
saa sita, kushuka kwa Zihindula
kuuliza kama kuna mtu amenitafuta.
Chini yake nikaacha nafasi,
wala sikuitia rangi.