Taa Moja

Betri ya taa yangu ilikufa kabla ya daraja,
saa kumi na moja kasorobo, Jumapili,
ukungu wa Oaxaca umeshuka hadi mapaa ya bati.
"Turudi," nikasema.
Eulalia akachutama, akakaza kamba za viatu.
"Taa moja yatosha. Mimi mbele, wewe nyuma.
Nitakusomea njia."

Akanisomea.

Jiwe.
Mzizi.
Jiwe, hili kubwa, pita kushoto.
Tope.
Tawi, inama.
Mzizi tena, mgomvi huu.

Nami hatua tatu nyuma
sikuona kitu ila visigino vyake
na kiduara cha nuru kikimrukia mbele kama mwanambuzi.
Sikukanyaga ardhi alfajiri ile,
nilikanyaga maneno.
Akisema "jiwe" goti langu linajikunja lenyewe,
akisema "tope" nyayo zinakuwa za paka,
akinyamaza
najua hapo pana majani makavu ya msonobari,
laini kama godoro la mgeni,
nami najiachia.

"Nyoka!"
Nikaruka kama panzi, nikakumbatia mwaloni.
Hakukuwa na nyoka.
Kulikuwa na mwalimu wa darasa la tatu
ameshika mbavu, anacheka hadi taa inatikisika,
miti yote ya mlima ikicheka naye.
Nilimtukana kwa Kizapoteki;
Kihispania hakina tusi la ukubwa ule.

Kisha mlima ukasimama wima.
Nina miaka arobaini na mmoja,
goti langu la kulia lina sitini.
Huko juu hewa inauzwa kwa kijiko,
na rafiki yangu, badala ya kuitunza yake,
anaitumia kunisimulia harusi ya binamu yake:

"Bibi harusi… akaja… na punda…
si wa baba yake… wa… ngoja…
wa yule… aliyemkataa…"

"Nani alimkataa nani?"

"Ngoja… tufike… juu."

Ndivyo anavyonipandisha milima, mjanja huyu.
Hunikatia hadithi palepale inaponoga,
na mimi, mbea wa kuzaliwa,
huifuata hadi kileleni.

Kileleni tuliketi kwenye mwamba uliolowa.
Chini, ukungu umejaa bonde kama maziwa kwenye bakuli,
kijiji chetu hakipo,
kengele ya kanisa inalia kutoka mahali pasipoonekana.
Mkate wa mahindi umekunjwa na maharage,
umenyongeka mfukoni, una jasho langu.
Tukaugawa. Kipande kikubwa akanipa mimi,
kisha akakiuma kabla sijakipokea.
Chumvi ilikauka mashavuni mwetu.
Mikonge ilisimama na umande kwenye kila ncha.
Punda, kumbe, alikuwa wa kuazima.

Kushuka, jua limeshatoka.
Akazima taa, akaivaa shingoni,
lakini mdomo haukuzimika:
jiwe, mzizi, jiwe, kijito, ruka!
Niliona kila kitu sasa.
Niliuona mzizi kabla haujatajwa,
nikausubiri utajwe,
ndipo nikaruka.
Mikono hewani kama vifaranga wanaojaribu mbawa,
mapaja yanawaka moto,
na mteremko ukitumeza, ukitutema, ukitumeza,
tukawa hatuna umri, hatuna madeni,
tuna upepo na matope hadi magotini,
na kupiga kelele bila sababu yoyote.

Darajani tulisimama.
Hakuna aliyetazama saa.
"Nunua betri," akasema.
"Nitanunua," nikasema.

Leo ni Alhamisi. Sijanunua.
Alfajiri hii, katika tanuri langu la mikate,
kijana Abundio alipita na trei ya moto kichwani
kuelekea kizingiti,
nami, mikono katika unga, bila kugeuka:
"Mzizi!"

Akainua mguu juu, juu sana,
akavuka salama,
kisha akasimama pale mlangoni
akaikagua sakafu ya saruji kwa muda mrefu.