Vikombe

Ukutani, ghorofa ya kumi na nne, historia inaanza
mwaka elfu mbili na tisa:
mwenyekiti, kalamu, maua ya plastiki mezani.
Binti wa mapokezi anaonyesha kwa kitone cha mwanga:
"Hapa ndipo timu yetu ilipozaliwa."
Nanyamaza. Nimealikwa keki.
Lakini mtoto hazaliwi ana miaka sita.

Ilizaliwa Bucheon, katika chumba kilichozama nusu ardhini,
dirisha lake usawa wa visigino vya wapita njia.
Vijana watano, kompyuta nne;
wa tano hulala mpaka mwenzake azidiwe na usingizi.
Mimi, Gwak Pil-sun, mwenye nyumba, niliishi juu yao.
Nilishuka kudai kodi ya miezi miwili
nikawakuta wanatafuna tambi kavu, gesi imekatwa,
macho mekundu hayabanduki vitani,
vita vya sayari ambazo hata Mungu hajaziumba.
Nikapanda ngazi. Nikarudi na sufuria.
Kodi ile sijalipwa mpaka leo.

Tangu hapo hesabu yangu ni ya vikombe:
saba vya mchele mchana,
kumi na kimoja usiku wa manane,
maana kwao asubuhi ilikuwa uvumi tu.
Kampuni nayo ina vikombe vyake,
vitatu, ndani ya kabati la kioo, vimemulikwa kwa chini.
Hakuna aliyewahi kunywea humo hata maji.

Wa kwanza kutununua walikuwa watu wa tambi.
Wakatupa nyumba yenye madirisha, wakatupa jina la tambi,
wakapiga marufuku kuonekana na tambi za mwingine.
Tae-oh alikula za wapinzani chooni, bomba likiwa wazi
ili meneja asimsikie akifyonza.
Kisha soko likaanguka, maji yakazidi unga,
tukauzwa: viti, vijana, mpishi,
kwa watu wa kadi za mkopo.
Jezi nyekundu nikazichana kuwa matambara ya jiko.
Watu wa tambi waliendelea kunifutia mafuta
miaka mingine minne.

Seok-ju, nahodha,
yule aliyeuza pikipiki ili kompyuta ya tano ipatikane,
aliambiwa amezeeka.
Alikuwa na miaka ishirini na minne.
Barua ilikuwa na mistari mitatu, mmoja wa shukrani.

Usiku wa ubingwa nilikuwa nyuma ya jukwaa
nikiukanda mkono wa Tae-oh kwa taulo la moto.
Kifundo kilikuwa kimevimba kama andazi.
Akaenda, akashinda, akarudi, hawezi kushika kijiko;
nikamlisha.
Kule mbele mwenyekiti aliinua kikombe, karatasi za dhahabu
zikimnasa kwenye nywele,
akamwinamia meneja: "Nani aliyefunga mabao?"
Meneja, mtu wa busara, akamtajia jina.

Majira ya baridi yaliyofuata Tae-oh alinyolewa,
akapelekwa jeshini, Inje, karibu na mpaka.
Vidole vilivyokatiwa bima vikashika beleshi la theluji.
Aliniandikia: Mama, huku tunalala saa nne usiku.
Sijui kama alikuwa akilalamika.

Mwezi ujao tunauzwa tena, nasikia.
Watu wa betri. Jezi za kijani.
Binti anauliza kama kuna swali.
Namwonyesha picha ndogo pembeni,
kijana amekatwa bega na fremu.
Anatafuta kwenye kishikwambi. Anatafuta tena.
"Samahani, bibi. Hana kumbukumbu."

Simu inatetemeka mfukoni. Ni Seok-ju,
anapeleka vyakula kwa pikipiki siku hizi, Ansan,
amesimama kwenye taa nyekundu.
Walipika nini?
Naandika: Keki. Ina nembo.
Kimya. Labda taa imekuwa kijani.
Kisha: Kodi nitalipa mwezi ujao.