Ilaze Chini

Malipo ya korosho yaliingia Jumanne,
simu ikalia mara moja, kama kuku aliyekanyagwa.
Nikatoa ada ya Chiku, nikatoa deni la salfa,
nikatoa mabati manne ya jikoni.
Kilichobaki ni pikipiki moja.
Siyo moja na nusu.

Na mimi nina njia tano.

Kuna lami ya kwenda Mtwara,
lori la magunia likikupita
unabaki na usukani na shahada.
Kuna mchanga wa Mahuta, laini kama unga wa muhogo,
unaomeza tairi la mbele bila hodi.
Kuna mteremko wa Kitangari, na kurudi kwake,
madumu manne ya maji yakigombana ubavuni.
Kuna kichochoro cha shambani, mikorosho imeinama
mpaka uendeshe kidevu kikiwa juu ya tangi,
mabibo yakikupasukia mgongoni.
Na kuna matope ya Februari.
Hayo sitayasema.

Hapa Newala kila mtu ana pikipiki yangu kichwani mwake.
Binamu Nambunga anataka ile ndefu, ya matairi yenye meno:
“Hiyo hata mtoni inapita.”
Mto upi, Nambunga? Sisi maji tunayafuata bondeni.
Fundi Likwata anasema spea, spea, spea,
nunua ile ambayo klachi yake
inauzwa mpaka kwenye duka la chumvi.
Shemeji anasema chukua mbili za mtumba,
moja ya lami, moja ya vumbi.
Nikamtazama. Mshika mawili
hata petroli humponyoka.

Dukani zilikuwa tatu, zimepangwa kama maharusi.
Mchopa, mwenye duka, akawasha ya kwanza,
akaisifu sauti; akawasha ya pili, akaisifu taa.
Nikamwambia: ilaze chini.
“Nini?”
Ilaze. Hapo nje, mchangani.

Maana mwaka jana niliazima ndefu ya chama cha msingi,
nikaanguka nayo Mahuta saa mbili usiku,
bomba la moshi juu ya ndama ya mguu,
na nguvu zangu zote zilitosha
kuizima tu.
Nililala pale nikinusa petroli na ngozi yangu
hadi wakatokea watoto wawili na tochi, wanawinda panya.
Walicheka kwanza. Kisha wakanyanyua.
Kovu lipo, duara kama shilingi mia mbili.

Basi Mchopa akazilaza, uso umemkunjamana,
akitandika boksi ili rangi isikwaruzike.
Ile ndefu niliifikisha magotini, ikarudi.
Ile ya lami iliinuka vizuri, lakini tumbo lake
liko chini mno; kila kisiki kingeisalimia.
Ya tatu nikaigeuzia mgongo,
nikaweka makalio kwenye kiti, mkono kwenye usukani,
mkono kwenye kishikio cha nyuma,
nikarudi kinyumenyume, hatua fupi fupi.
Ikasimama kama mbuzi mvivu.
Vijana wa bodaboda wakapiga makofi, mmoja akauliza
kama nanunua pikipiki au nashindana mieleka.
Vyote, nikasema. Na nyekundu ilikuwa imekwisha,
nikachukua ya bluu nisiyoipenda.

Haina jambo inaloliweza sana.
Kwenye lami ikifika sabini inatetemeka
kama mtu anayekumbuka deni.
Kwenye matope nashuka, tunatembea wote wawili.
Gunia moja inabeba, la pili inanuna.

Alhamisi iliyopita, Mahuta palepale,
Chiku nyuma yangu na kikapu cha ming'oko,
mchanga ukaifungua tairi kama mlango.
Tukalala chini, taratibu, bila kelele.
Nikazima. Nikaangalia mguu wake, nikaangalia wangu.
Nikaokota ming'oko mitatu.
Kisha nikageuza mgongo.
Chiku akaanza kuhesabu: moja, mbili—
tatu hakuifikia.