Siku ya Thelathini

Mwaka jana nilikula Idi nimesimama,
mgongo kwenye mlango wa jiko, paja la kuku mkononi,
na wageni ukumbini wakiuliza chumvi iko wapi.
Chumvi ilikuwa dukani kwa Fadimula.
Fadimula alikuwa ukumbini, mgeni wangu.

Mwaka huu nilianza kumi la kati.
Daftari la Sebi la hesabu, kurasa za nyuma:
lini, nani, kiasi gani.
Gunia la makaa nililinunua kabla mvua haijalipandisha bei.
Vitunguu nilivikaanga, vimo kwenye kopo la maziwa ya unga,
na Kenyi mchinjaji nilimlipa nusu, mbele ya shahidi,
maana usahaulifu wa Kenyi
hunenepa kadiri sikukuu inavyokaribia.

Sahani za kuazima nilizitia doa la rangi ya kucha:
jekundu za Mama Salama,
buluu za msikitini.
Wifi yangu Kaltuma alipopiga simu, "Nije na nini?"
sikumjibu "wewe njoo tu", kama nilivyofunzwa.
Nilisema: kreti mbili za soda. Na barafu.
Akanyamaza kidogo.
Nikasikia akitafuta kalamu.

Jana, ishirini na tisa.
Gurusa zimepangwa, zimefunikwa kwa tabaga
aliyoisuka mama mkwe kwa nyuzi za zambarau
enzi macho yake yakiona tundu la sindano.
Nyumba imefagiliwa hadi chini ya kabati.
Tukatoka uani, Bombo nzima shingo juu.
Watoto wakaonyesha taa ya mnara wa simu, wakaapa ndiyo wenyewe.
Redio ikasema hapana.
Mwezi haukuonekana.

Moyo ukanidunda, kwa mazoea tu.
Nikafungua daftari, nikatafuta pa kuanzia kuhangaika.
Nyama? Ipo kwenye friji la Fadimula, tulikubaliana tangu Jumanne.
Gurusa? Hizi tutazila daku, unga wa nyingine upo,
niliuandika: *kama mwezi utatukatalia.*
Kila mstari una alama ya vema.
Nikageuza ukurasa. Nikakuta hesabu za Sebi,
tatu kati ya kumi,
hilo nalo litangoja.

Leo basi, thelathini.
Siku nzima imeanguka mikononi mwangu kama embe lisilo na mwenyewe.
Nimejinyoosha mkekani, miguu ukutani,
sijui mikono niiweke wapi.
Mama mkwe akaja akipapasa kuta.
"Mbona kimya hivi? Kuna msiba?"
"Hapana, mama. Kuna Idi kesho."

Akaketi. Akaigusa tabaga, kidole kikifuata duara,
kikisimama mahali ambapo uzi ulibadilika.
Nikamuuliza kwa nini hapo alibadilisha.
Miaka kumi na mmoja nimeolewa nyumba hii,
kila siku naifunua, naifunika,
sikuwahi kuuliza.

"Una muda?" akasema.

Mpaka magharibi, mama.