Kiapo cha Mama

Karani wa Hoshiarpur aliteremsha daftari la tisini na nne,
akalifungua kwa kucha, polepole, kama anayebandua kidonda.
Mchwa walikuwa wamesoma kabla yetu:
wamekula tangu Februari hadi mwisho wa mavuno.
Akapuliza vumbi, akaniandikia karatasi yenye muhuri wa serikali
inayothibitisha kwamba karatasi haipo.
Rupia hamsini nimelipia kitu kutokuwepo.
Nikaikunja mara mbili, nikaitia kifuani,
maana mkwe wangu Balkar, aliye Calgary,
alisema kwenye simu: hiyo ndiyo ya kwanza, Mama, usiipoteze.

Sasa nimekalia kiti cha plastiki nje ya mahakama,
chini ya turubai la wakili Tarsem Lal.
Taipu yake imeng'oka herufi moja,
anaacha pengo, anarudi kulijaza kwa kalamu.
"Wewe ni nani kwa mwombaji?"
Mama yake.
"Ulikuwepo alipozaliwa?"

Wanawake kwenye foleni wakaangua kicheko, nami nikacheka,
kisha nikaona yeye hacheki. Swali limo kwenye fomu.

Nilikuwepo, mwanangu. Andika nilikuwepo.
Andika nimeng'ang'ania mguu wa kitanda cha kamba,
umeme umekatika, mkunga Bachno amebana tochi kwa meno
akinituma nisukume kwa kuguna tu.
Uani kwa jirani mashine inapura ngano,
inanguruma hata kilio cha kwanza sikukisikia,
niliona tu kinywa kikifunguka.
Makapi yakaingia dirishani
yakamganda kwenye nywele zilizolowa.

"Tarehe, mama. Nahitaji tarehe."

Siku ya nne baada ya Baisakhi.

Akachungulia cheti cha shule, akatikisa kichwa.
"Hapa ni tarehe kumi Machi."

Hiyo ni ya mwalimu mkuu, nikasema.
Siku ile aliandikisha watoto thelathini na mmoja,
wote akawazaa yeye tarehe kumi Machi,
kwa kalamu moja, kabla ya chai.
Machi ngano bado kijani! Nani anapura Machi?
Machi nilikuwa naye humu, ananipiga teke nikikanda unga.

Tarsem Lal akavua miwani. Si mtu mbaya.
"Pasipoti Machi," akasema. "Hati ya ndoa Machi.
Calgary wanamngoja mke aliyezaliwa Machi.
Ukiwaletea wa Aprili, watauliza huyu ni nani,
na yule wa Machi mmempeleka wapi."

Wifi yangu Nasib, shahidi wa pili,
akanikanyaga mguu chini ya meza:
sema Machi twende, nyati hawajakamuliwa.

Nikamtazama Simarpal, amesimama juani na bahasha zake.
Mwaka wa pili huu anakula na simu
iliyoegemezwa kwenye mkebe wa sukari:
kwake usiku, kwa mumewe asubuhi,
anamwambia chumvi imezidi,
na yule anaitikia kana kwamba ameionja.

Nikasema Machi.

Nikachovya dole gumba kwenye wino wa zambarau.
Nimeapa kwamba nilimzaa siku nisiyomzaa
ili waamini kwamba nilimzaa.
Kitambaa kimefuta wino, si wote.
Umebaki kwenye mikunjo,
na jioni hii utaingia kwenye maziwa.

Ndani ya basi Simarpal akaniuliza,
bila kunitazama, "Hiyo tochi, ni kweli?"
Kweli.
"Na Machi ukaisema tu hivi hivi?"
Nikamwambia, betri za tochi zilitoka kwenye redio.
Baba yako alikuwa anasikiliza mpira wa magongo,
zilibaki dakika sita, wamefungana bao moja moja,
Bachno akaingia akazichomoa bila hodi.
Mpaka leo hajui nani alishinda.
Akinuna, hunidai matokeo.